Mlio wa Lori la Sudi

Lori la Sudi Twagirayezu lilijulikana mtaa mzima wa Biryogo kwa mlio wake, na mwenyewe alipozikwa, mlio haukuzikwa naye.

Lilikuwa lori kuukuu lenye pua ndefu, la kubebea maharage kutoka Byumba, na injini yake iligonga juujuu, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole cha pete. Fundi Asumani Bizimana, shemeji yake, alimsihi miaka nenda miaka rudi ampe saa moja tu aikaze. Sudi alikuwa akicheka. Mkewe, Mukandekezi, aliusikia mlio ule tangu lori likipanda mlima, akaweka chai jikoni. Mume akifika, kikombe kinafuka. Mwanamume gani mwenye akili angetengeneza kitu kama hicho?

Homa ikamchukua Sudi ghafla, mwaka wa sabini na nne. Mukandekezi akaingia eda, akakaa ndani, na Gasana, mdogo wa marehemu, akashika usukani ili nyumba isilale njaa.

Kilichomtia Asumani wasiwasi ni kwamba Mukandekezi, dada yake, hakulia. Hakulia maiti ilipotoka, hakulia siku ya hitima. Wanawake wakasema ana subira. Subira gani? Huyu ndiye dada aliyembeba mgongoni utotoni, na alimjua: Mukandekezi alilia hata kuku akichinjwa.

Alasiri moja akaenda kumtazama. Yeye, ndugu wa tumbo moja, aliruhusiwa kuingia. Wanaume wengine waliishia kwenye pazia la mlango. Akamkuta anapakua wali sahani mbili. Nje mlio ukapanda mlima, ukaingia uani, ukazimika. Mukandekezi akasogeza sahani moja chini ya pazia, akangoja ameinamisha kichwa. Baada ya muda sahani ikarudi, tupu.

"Leo amekula vizuri," akasema, akitabasamu.

"Nani?"

"Sudi. Usipaaze sauti, Asumani, amechoka na barabara."

Asumani aliinuka. Akalifungua pazia upesi. Uani palikuwa na lori tu, mlango wake wazi, injini ikitoa joto.

Sasa, Asumani hakuwa mtu wa kuwasingizia majini kabla hajaangalia nati. Aliona ugonjwa wa dada yake uko kwenye ule mlio: masikio yanamwambia mume amefika, na moyo unayasadiki. Mlio ukinyamaza, atajua kwamba ni mjane. Kesho yake akamwita Gasana gereji. Akawasha injini, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha valvu na mpini wake sikioni. Sauti ilikuwa nyepesi, ya juu, si ule mgongano mzito wa chini unaomfanya fundi aseme inna lillahi. Akafungua kifuniko. Valvu ya nne: nati inayoshikilia skrubu ya roka imelegea, na ile roka, badala ya kuisukuma valvu kwa upole, inaitwanga kichwani. Akapima nafasi, akakaza. Lori likaondoka kimya.

Kesho alasiri, ta-ta-ta-ta, mlio ukapanda mlima.

Akakaza tena. Ukarudi tena. Akaweka nati mpya, nayo ikalegea. Fundi akaanza kusoma Ayatul Kursi kabla ya kushika spana, na mafundi wenzake wakaanza kulikwepa lile lori. Ilisemwa, kwa sauti ya chini, kwamba Sudi hataki kushuka. Asumani mwenyewe, sikio likiwa kwenye bisibisi, alisikia kule kugonga kukisita, kisha kukaanza tena, kama mtu aliyeuliza kitu akangoja jibu. Akarudi nyuma. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Lakini mkono wa fundi una ukaidi wake. Ile nati mpya akaizungusha kwa vidole tu, ikatoka, akaipeleka juani. Nati inayolegezwa na mtikisiko haiongezi alama pembeni. Hii ilikuwa na mikwaruzo mibichi ya spana, na yote iko upande wa kufungulia.

"Jini gani hili," akauliza kwa sauti, "linalotembea na spana?"

Gasana, aliyekuwa amekaa juu ya tairi bovu, akainamisha uso.

"Ni mimi, fundi. Siku ya kwanza kamyo iko nagonga, nikaingia uani. Shemeji akaita nyuma ya pazia: Sudi, ni wewe? Nikaogopa kumuvunja roho. Sauti yangu na ya kaka iko moja tu. Nikasema: ni mimi."

"Ukasema ni wewe!"

"Nikasema. Akaleta chakula, nikakula. Nikisikia mtu mwingine iko ndani, ninajificha nyuma ya kamyo. Ile siku umekaza supape, ile valvu, nikafika kimya. Nikamusikia anatembea ndani, anatembea tu, anauliza ukuta: Sudi iko wapi? Ndiyo nikalegeza."

Asumani alitaka kumpiga. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, maana alimwona Gasana mwenyewe amekonda, macho mekundu. Hakuna mtu anayeitikia jina la maiti kila siku akabaki mzima. Na heshima ndiyo iliyowaponza: shemeji haonani na mjane uso kwa uso, basi sauti ikajibu sauti, na pazia likamaliza kazi. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini hapa hata kilio chenyewe kilikuwa kimefichwa.

"Nati hii ikitoka kabisa kwenye miteremko ya Byumba, injini itakuharibikia na mzigo mzima mgongoni," akamwambia. "Nitakuzika na wewe. Na yule ndani anapotea. Twende."

Walifika alasiri, nati imerudishwa bila kukazwa, mlio ukiwa bado ule ule. Asumani akafungua boneti uani bila kuzima injini, akatoa kifuniko cha valvu, mafuta ya moto yakimrukia mikononi. Ndani, vyombo viligongana: wali unapakuliwa. Akachukua kibati chembamba cha kupimia, akakichomeka kati ya roka na valvu ya nne, kikajaza ile nafasi. Mlio ukakatika. Injini iliendelea kuzunguka, lakini taratibu, kama lori la mtu mwingine.

Vyombo vikanyamaza.

"Sudi?" Sauti ilikuwa karibu kabisa na pazia. "Sudi, ni wewe?"

Gasana akafumbua mdomo kuitikia, kama alivyozoea. Asumani akamtikisia kichwa, vidole vyake vikiwa bado kwenye kibati, vikiungua.

"Shemeji," Gasana akasema, "ni mimi Gasana. Siku zote ilikuwa mimi. Unisamehe."

Pazia halikutikisika. Asumani akawaza kwamba wamechelewa, kwamba dada yake amekwisha kwenda mahali ambapo sauti za walio hai hazifiki. Kisha sahani ikaanguka sakafuni, na kilio kikatoka, kile cha mwanamke anayeona jeneza likivuka kizingiti chake. Asumani akaacha machozi yamtoke, akamshukuru Mungu.

Majirani walikuja mbio, wanawake wakijifunga kanga, mikono kichwani.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Sudi," akasema Asumani.