Siku Tuliyoisaidia Mashine

Mimi sina ugomvi na maendeleo, asijitokeze mtu kunisingizia. Wajenge. Wajenge mpaka wagonge mbingu. Lakini mtu anayepigilia nguzo za chuma ardhini, nyuma ya ukuta wangu, kuanzia jua linachomoza mpaka linazama, halafu akatundika getini bango la "Tunajali Majirani", huyo ananitukana. Na mimi tusi nalijua hata likivalishwa tai.

Nyumba yetu ni ya chini, vyumba vitatu na baraza, na chumba kilichopakana na ukuta wa saiti ni cha mwanangu na mkewe. Mwanangu alioa nesi. Wenye midomo yao walisema mimi na yule binti hatutapikika chungu kimoja, wakakaa wakingoja vita mpaka wakachoka wakaenda kutafuta vita kwingine. Mkwe wangu nampenda, na siku mwanangu akimuudhi mimi nahamia upande wa mkewe bila hata kuuliza kisa. Anafanya kazi wodi ya wazazi, zamu ya usiku, na zamu hiyo aliiomba kwa mdomo wake. Anasema watoto wengi hupenda kuja duniani wakati wakubwa wamelala, na yeye anataka wamkute mtu macho. Hapa mtaani wapo watoto kadhaa waliopita mikononi mwake, na mama zao wakimwona barabarani huwasukuma mbele: haya, nenda kamwamkie aliyekupokea.

Kwa hiyo mkwe wangu hulala mchana. Alikuwa analala, niseme. Tangu ile mashine ya kupigilia nguzo iletwe, kila pigo linagonganisha vikombe kabatini na kuteremsha vumbi la dari juu ya kitanda chake. Alitia pamba masikioni. Akaegemeza godoro la akiba dirishani. Akahamia jikoni, akajikunja kwenye mkeka chini ya meza, nami nikawa napika kwa kunyata kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akaomba hifadhi kwa jirani wa upande wa pili, kumbe huko ndiko jenereta ya saiti inakopumulia. Siku moja alitia chumvi kwenye chai yake na kuinywa yote. Nilicheka siku ile.

Kicheko kiliniisha asubuhi aliyorudi kazini akaingia bila kuvua viatu, akaketi kwenye ukingo wa kiti changu.

"Mama, jana nilimpa mzazi mtoto asiye wake."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi, akasema yuko kwa mamake, halikuharibika neno, maana yule mzazi mwenyewe ndiye aliyeusoma utepe wa jina mkononi mwa kitoto akaona si wake.

"Na mimi niliusoma, Mama. Niliusoma nikiwa nimeushika, na sikuuona."

Mkuu wa wodi alimwambia likitokea tena atamtoa kwa watoto. Mkwe wangu akasema mkuu wake ana haki, na angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo. Alikuwa bado anasema hivyo mashine ilipoanza kazi, na kidevu chake kikawa kinatikisika. Sikujua kama ni kilio au ni nguzo.

Basi. Nilivaa nguo zangu za kwendea mazishini nikaenda saiti. Msimamizi alinipokea kwa heshima zote, shikamoo mama, kiti hiki hapa, soda hii hapa. Akaniambia majirani ni wale wale kila anakojenga, wanalalamika leo na kesho wanakuja kuulizia vyumba vya kupanga. Akanikumbusha kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikamuuliza, baba, katika methali hiyo chura ni nani, maana mimi kelele nazisikia zikitoka upande wa ng'ombe. Alicheka sana, akasema wazee ni hazina. Kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, wao sheria wanaiheshimu: usiku hawagusi hata nyundo, kwa sababu usiku ndio wakati wa watu kulala. Nilipomweleza kwamba mkwe wangu hulala mchana, aliniangalia kwa huruma, kama niliyemwambia nina mgonjwa wa akili nyumbani.

Nikaenda ofisini kwa afisa wa kelele. Mtaani tulimbatiza Bwana Kipimo. Ofisi yake ina zulia, pazia zito na mlango uliopigwa sponji, na humo ndani unasikia tumbo la mwenzako likinguruma. Bwana Kipimo anazungumza chini chini hivi kwamba ilinibidi nimwinamie kama mganga. Nilimweleza yote, mpaka habari ya utepe. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alipomaliza kusikiliza akaweka mikono mezani.

"Kelele isiyopimwa, mama, ni maoni."

Nikamwambia basi aje ayapime maoni yangu.

Akaja. Sasa, utaratibu wa kazi yake ni kwamba mpimaji haruhusiwi kupima saiti yoyote bila kofia ngumu na koti la kung'aa, na hivyo vyote viko kwa msimamizi. Kwa hiyo alianzia kule. Na utaratibu wa kule ni kwamba mgeni akiingia mashine zote huzimwa, usalama kwanza. Wakamtafutia kofia ya kumtosha, kazi isiyo ndogo, kichwa chake Mungu hakukibania. Alipopatiwa, akazunguka mpaka barazani kwangu na kidude chake chenye kibonge cha sponji kichwani, akakielekeza ukutani. Kimya. Ndege waliokuwa wamehama mtaa walirudi kuja kuimba. Bwana Kipimo akasoma, akasema hali ni sawa na ya maktaba. Akarudisha kofia, akaingia garini, na kabla hajafika kwenye kona, pigo. Nilimkimbilia na ndala moja mguuni. Akarudi, muungwana yule, na kwa kuwa amerudi, akaenda kwanza kuchukua kofia.

Mara ya tatu nilimsihi aje kwangu moja kwa moja. Akasema kipimo cha mtu asiye na kofia hakitambuliki.

Hata hivyo hakunitupa. Aliagiza saiti ichukue hatua ya kuwapunguzia wakazi usumbufu, nayo ikachukua: walifunga king'ora. Kinalia kabla ya kila awamu ya kupigilia, ili watu wasishtuke. Kuanzia hapo mkwe wangu akawa anaamshwa kwanza ili asije akashtuliwa usingizini.

Nilirudi kwenye lile zulia na safari hii sikumwinamia. Nilipayuka mpaka pazia likasikia. Bwana Kipimo akaafiki jambo kubwa: ataleta mashine nyingine, ya kusimama yenyewe kwa miguu mitatu, aiweke barazani kwangu, aifunge kwa lakiri, na iachwe isikilize kutwa nzima bila mtu wala kofia. Nusura nimbusu. Na kwa haki ya pande zote mbili, akasema, ataitangaza tarehe kwa pande zote mbili.

Mwenyekiti wa wakazi akaitisha mkutano hapo hapo kwetu. Mwenyekiti ni mstaafu wa bendi, alipiga tarumbeta ujana wake wote, na mpaka leo akisema neno hulisema kama watu elfu wanangoja waanze kuimba. Akasema, ndugu zangu, hawa jamaa wameshajua siku. Siku hiyo watafanya kazi kwa ncha za vidole, mashine itaandika kimya, na kimya hicho kitatuzika sote. Watu wakaguna. Ndipo mtu mmoja, sikumbuki nani, na siku hizi hakuna anayekubali kuwa ni yeye, akasema mashine isaidiwe. Si uongo, akasema, ni kuipa tu kelele zile zile tunazozisikia kila siku, kwa mikono yetu. Dawa ya moto ni moto. Wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Mwanangu, ambaye ni mtu wa kunong'ona, aliuliza kama mashine haitajua kelele zimetoka upande gani. Tukamwambia mashine ina sikio tu, haina macho. Mkwe wangu hakuwepo, alikuwa kazini. Hakuna aliyefikiria kumuuliza, na kwa nini aulizwe, si yeye tunayempigania?

Siku yenyewe ikafika. Bwana Kipimo akaisimamisha mashine yake barazani, chini kidogo ya dirisha la mkwe wangu, kwa sababu hapo ndipo panapolalamikiwa. Akaifunga, akaondoka. Na kweli, Mwenyekiti aliona mbali. King'ora hakikulia. Mashine ya nguzo ilifunikwa turubai. Wafanyakazi walikuwa wanapaka rangi uzio, wanafagia, mmoja alibeba mbao begani taratibu kama baba anayempeleka mtoto kitandani. Msimamizi alikuwa anatembea na soksi. Nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Tuliwaacha kwanza, tupate uhakika. Kisha Mwenyekiti akapanda juu ya ndoo, akainua mwiko, na akaushusha.

Lo! Sijawahi kusikia kitu kile. Masufuria, mabati, mapipa, mchi ndani ya kinu kitupu. Fundi wa baiskeli alileta pampu na honi zake zote. Jirani wa nyumba ya bluu, kijana aliyeoa mwaka jana, alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Mwenyekiti alikuwa anawanyooshea watu wa mabati mwiko wake, ongezeni, ongezeni, sauti ya pili mmelala. Mafundi wa saiti walipanda juu ya uzio kututazama, na mmoja wao alicheza. Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria la shughuli na nyundo ya mwanangu, nimesimama karibu kabisa na ile miguu mitatu ili isinikose. Nilipiga kwa ajili ya ule utepe. Nilipiga na machozi yananitoka, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa na furaha.

Mlango ukafunguliwa.

Mkwe wangu alisimama kizingitini na shuka mabegani. Shavu lake moja lilikuwa na mikunjo ya mto, mikunjo mizito ya mtu aliyelala akazama, na mikunjo hiyo sikuwa nimeiona usoni pake tangu nguzo ya kwanza. Sauti zikakatika moja moja, filimbi ikawa ya mwisho. Aliangalia kule saiti, palipokuwa kimya kabisa. Akamwangalia Mwenyekiti juu ya ndoo. Akaniangalia mimi.

"Mama, nilikuwa nimelala," akasema. "Walinyamaza, nikalala."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira.

Tukamrudisha kitandani, lakini usingizi si kuku kwamba utaurushia mtama urudi. Isitoshe watu wetu ni waungwana. Kila mmoja alitaka kumwomba radhi yeye mwenyewe, kwa hiyo kutwa nzima ile mlango wetu ulibishwa hodi, na kila hodi ikamwinua. Jioni alivaa sare yake akaenda kazini.

Hakukosea. Nataka lieleweke hilo: hakumkosea mtoto yeyote. Alipofika tu alikwenda kwa mkuu wa wodi na kuomba, kwa mdomo wake, atolewe kwa watoto. Akapewa stoo ya mashuka, zamu ya mchana. Shuka ukilipeleka kitanda kisicho chake halina mama.

Bwana Kipimo alileta majibu kwa mkono wake, kwa heshima. Akasema tangu ofisi yake ianzishwe haijawahi kupata kiwango kama kile, na chanzo chake ni baraza langu. Kwa hiyo sisi tumepewa onyo, na saiti imeshauriwa iwagawie wafanyakazi wake viziba masikio kujikinga na majirani. Kuhusu lalamiko langu, akasema limefungwa vizuri, kwa kuwa mhusika sasa analala usiku, ambao ndio muda unaolindwa na sheria. Akanipongeza. Msimamizi naye alituletea kreti la soda.

Na ni kweli analala. Usiku hawagusi nyundo, naye analala fofofo, na amenenepa kidogo. Asubuhi namtilia chai, ananishukuru, anaondoka kwenda kuhesabu mashuka.

Juzi jioni kijana wa nyumba ya bluu alikuja mbio. Mkewe alikuwa garini, ameshikwa na uchungu, ameshika mlango kwa mikono miwili na anamtaka nesi wetu, hataki mwingine. Mkwe wangu alitoka akaenda kumshika mkono, akamfuta jasho, akamwonyesha namna ya kuvuta pumzi, na kwa muda ule mdogo nilimwona tena kama alivyokuwa. Kijana akamfungulia mlango wa nyuma apande. Hakupanda. Akamwambia kwamba yeye siku hizi yuko stoo, wodini watawapokea vizuri tu. Yule kijana akatazama chini.

Nikamwambia mkwe wangu, mwanangu, nenda nao, hata kumshika mkono tu.

"Naogopa, Mama," akasema.

Akaufunga mlango taratibu, na gari likaondoka bila yeye.