Dakika Kumi na Moja za Shayla Brandvold

Jumamosi saa nne asubuhi Corinne Thibodeau alikuwa kwenye kibanda cha majaji, mwishoni mwa mfereji wa theluji ambamo wachezaji huteleza kwa ubao na kuruka ukutani, glavu moja mkononi na nyingine ameibana kwa meno, akiandika alama. Majaji walikuwa watano. Mkuu wao, Garrett Pruitt, alikuwa akila soseji.

Brielle Haddock, kifua kizima nembo za wadhamini, alijizungusha hewani mara nne, akatua kwa makalio. Pruitt alimpa tisini na moja. Makalio, alisema, yaligusa tu.

Akafuata wa mwisho, Shayla Brandvold, miaka ishirini na saba. Asipoingia timu ya taifa siku hiyo, basi tena. Aliteremka na ubao wake, akapanda ukuta wa kushoto, akaruka, akabaki huko huko juu. Alikaa hewani dakika kumi na moja. Alikaza kamba za kiatu. Alimuuliza mama yake, aliyesimama kwenye uzio, kama amekula. Kisha akashuka taratibu, akatua bila kuyumba.

"Ngapi?" Pruitt aliuliza.

"Tisini na nane," Corinne alisema.

"Umelewa? Kajizungusha mara ngapi?"

"Hata moja. Alikaa hewani, Garrett."

"Nimemwona, mimi si kipofu. Karatasi yetu inahesabu mizunguko. Kukaa hakumo."

"Wiki jana kule Vermont tulipima mteremko mzima. Wewe mwenyewe ulisema wanaozunguka sana ni pia za watoto, si wanamichezo."

"Vermont ni Vermont, dada."

Mafuta ya soseji yalimchuruzika kidevuni. Corinne aligeukia karatasi yake. Aliandika tisini na nane. Kwa kanuni, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Yake ikatupwa. Shayla akawa wa sita, akakosa timu.

Mchana Shayla alimfuata Corinne kwenye maegesho.

"Jaji, nilikosea wapi?"

"Hukuzunguka," Corinne alisema, na neno lile likamwachia mdomoni ladha ya matapishi.

"Haya." Shayla aliinuka mita mbili hivi, akafunga ubao wake juu ya gari, akashuka, akaondoka na mama yake.

Simu ililia. Pruitt alitaka jaji wa Jumamosi ijayo.

"Tunahesabu mizunguko au tunapima mteremko mzima?" Corinne aliuliza.

"Tutajua tukishaona akina nani wanashiriki."

Corinne alitema mate kwenye theluji. Kisha akajibu kwamba atafika.