Malai Chini ya Kifuniko

Asubuhi ya harusi yake, Begayim alitoka nje na gauni jeupe, shela bado mkononi, maana alimsikia mjomba Kubat akicheka kando ya gari. Mjomba hakuwahi kulichekea gari lile kwa wema.

"Njoo uone, bibi harusi! Gari lako limezaa jibini!"

Alikuwa amefungua kifuniko cha tundu la kutilia oili. Chini yake palijaa malai mazito, rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi ya hedi imekufa," alitangaza, uso unang'aa. "Maji yameingia kwenye oili. Kazi ya siku tatu, na spea hakuna. Liache hapa, nitalikata niuze chuma."

Begayim aliinama akaangalia. Gari hilo aliachiwa na marehemu baba yake, naye amelitunza kwa mikono yake miaka sita. Leo lilikuwa liende naye ng'ambo ya mlima wa Dolon, limesheheni magodoro na mablanketi ya bibi harusi. Wakwe wangefika saa sita. Lisipoondoka leo, mjomba angelimaliza kwa msumeno.

Mbele za watu, Begayim sauti humkauka. Lakini mbele ya injini, hapana.

"Mjomba, nishikie shela."

Alipandisha gauni, akalifunga kiunoni kwa kamba ya ng'ombe. Injini ilikuwa imepoa, akafungua rejeta. Maji yalikuwa ya kijani, safi, hata tone la oili halikuelea juu.

"Nilijaza jana hadi hapa. Yako hapa hapa. Kama yamehamia kwenye oili, mbona hayajapungua?"

"Yameanza leo."

"Ndiyo yametoa malai yote haya?"

Mjomba akajikuna shingo. Begayim alichovya kidole kwenye malai, akanusa. Maji ya rejeta hunukia utamu. Haya yalinukia uchachu. Akanusa tena, kicheko kikaanza kumpanda tumboni.

"Nusa, mjomba."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu!"

Mjomba akanusa, akakunja pua. "Ng'ombe?"

"Farasi!"

Wote wawili wakageuka. Mlangoni bibi yake Begayim, Sayra, alikuwa anatafuna andazi, macho yake yanaangalia mawingu.

"Bibi," Begayim aliita taratibu, "umelinywesha gari maziwa ya farasi?"

"Safari ndefu hiyo. Anayesafiri hupewa cheupe apate baraka. Na cheupe hakimwagwi chini, ni dhambi. Nikaona mdomo, nikaufungua."

"Kikombe kimoja?"

"Bakuli." Bibi akameza. "Mawili. Gari kubwa."

Begayim akakumbuka: alfajiri binamu zake walikuwa wakiliendesha kutoka zizini hadi getini, wakijionyesha. Basi walikuwa wanasukasuka maziwa! Alicheka hadi akakaa kwenye matope, gauni na yote. Mjomba alijitahidi kununa, ikashindikana, akacheka kwa kukoroma kama beberu.

"Gasketi nzima, mjomba! Lete oili ya lori lako, zile galoni mbili."

"Ya lori langu?"

"Nani alitaka kunikatia gari?"

Wakamwaga oili ile yenye maziwa. Wakatia galoni ya kwanza, wakaliwasha gari kidogo, wakamwaga tena, wakabadili chujio, ndipo wakatia ya pili. Begayim akawasha. Baba alikuwa akisema gari zima huguna kama paka aliyeshiba, nalo likaguna vivyo hivyo. Hakukuwa na moshi mweupe wa gasketi iliyokufa. Akaangalia kijiti cha oili: rangi ya asali.

"Kesho kutwa nitaimwaga tena, ili nilale usingizi," alisema, na honi za wakwe zikasikika bondeni.

Bibi Sayra akatoka mbio, bakuli mkononi.

"BIBI!" wakapiga kelele ua mzima.

"Sasa nalo litabarikiwa vipi?"

"Mpe mjomba," Begayim akasema, akivaa shela juu ya kidoa cha oili shavuni. "Ndiye mwenye kiu ya gari langu."

Mjomba Kubat alikunywa bakuli zima, bibi amemsimamia, na Begayim akatoka getini akiendesha mwenyewe.