Shanga za Gichovi

Jeneza la Wamuyu lilitengenezwa na mumewe mwenyewe, Gichovi. Alipiga randa ubao, akaupiga tena, kama anayetengeneza kabati la mtu asiyemjua. Hakulia. Kifuani mlikuwa na baridi tu. Wamuyu aliacha ombi moja: kina mama wa kanisa wamwimbie kaburini. “Nisifukiwe kimya kama paka,” alisema.

Asubuhi ya mazishi, Hezekiah, mzee wa kanisa hapo Runyenjes, alimkuta Gichovi amekaa nyuma ya jiko, mkono wa kulia ndani ya kifuko cha khaki, midomo ikicheza. Kifukoni mlikuwa na shanga za mti alizopewa na Guruji, mwalimu wa dini wa Kihindu, enzi akipasua mbao kwenye kiwanda cha Mhindi mjini Embu. Kila ushanga, jina la Rama, ndivyo Guruji alivyomwita Mungu. Shanga hazionyeshwi watu, na mzunguko ukianza haukatizwi kwa maneno. “Akili ni mbuzi,” Guruji alimfundisha. “Akitoroka usimpige. Mvute kamba tu, arudi.” Kisha, baada ya Uhuru, wakubwa wa serikali wakawanyima Wahindi leseni ili wagawane maduka wao kwa wao, kiwanda kikafungwa, Guruji akaondoka na tajiri wake. Gichovi akabaki na kifuko, na kijiji kikaamua: huyo ni mganga, mle ndani ana mbegu za kupigia ramli kama waganga wa Mbeere.

“Bwana Gichovi, mwaga mbegu zako hapa tuzichome,” Hezekiah alisema. “La sivyo, hakuna wimbo juu ya kaburi la mkeo.”

Gichovi hakujibu; mzunguko ulikuwa haujaisha. Aliitazama tai ya Hezekiah, akamwona kama alivyokuwa wakati wa Emajensi ya mkoloni: gunia kichwani, matundu mawili ya macho, akiwatikisia kichwa wanaume waliopangwa foleni, askari wajue nani ni Mau Mau. Gichovi alitikisiwa, akafungwa kambini. Wengine hawakurudi. Aliyetikisa alipewa shamba la kahawa, na baadaye cheo kanisani. Yote hayo Gichovi aliyakumbuka, wala hayakumchoma. Mbuzi ametoroka. Akavuta kamba.

“Unanidharau?”

Ushanga wa mwisho ukapita. “Si za ramli, mzee. Ni za kumtaja Mungu. Sizimwagi.”

“Na Wamuyu je?”

Gichovi akakaza kamba ya kifuko.

Igoki, dada ya marehemu, akatoka jikoni na mwiko mkononi. “Wewe Hezekiah! Umezoea kuchungulia kwa matundu, hata kifuko cha mfiwa wataka kuchungulia?” Kina mama waliokuwa wakimenya viazi wakaguna, mmoja akacheka waziwazi. “Dada yangu ataimbiwa. Kwani koo hizi ni zako?”

Hezekiah akaondoka na Biblia yake.

Jeneza likaanza kushushwa. Gichovi akatia mkono kifukoni apate pa kujishikilia. Jina. Ushanga. Jina. Akili iliyomhangaisha miaka yote ikatulia, tuli kabisa. Hapakuwa na Hezekiah, hapakuwa na shimo, hapakuwa na watu wala sauti.

Alipotoa mkono, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kina mama walikuwa wanajifuta jasho, wanafunga vitambaa upya.

“Shemeji, umesikia tulivyomwimbia?” Igoki aliuliza, sauti imemkauka. “Ule alioupenda tumeurudia mpaka udongo ukaisha.”

Gichovi alimtazama mdomoni.

“Nimesikia,” akasema.