Posa ya Daraja

Jana usiku usingizi ulinipeleka kwenye posa, na anayeposwa ni daraja.

Mimi Havijawa, mama ntilie wa huku kando ya Mto Kinyonga, sikushangaa hata kidogo. Hospitali iko ng'ambo ya pili. Mwanangu Siwema ana mimba ya miezi minane, na ile ya kwanza ilitupotea ukingoni tukingoja maji yapungue. Kwa hiyo daraja kuolewa nililiona jambo la kheri. Nikatandika mkeka.

Mwali yuko chumbani kwangu, maana mama yake ndotoni ni mimi, kajifunika ushungi, miguu yake ya zege imetokezea dirishani. Sebuleni wamekaa wenyewe. Baba mtu ni Serikali: kiti cha ofisini cha kuzunguka, chenye taulo mgongoni. Mposaji ni Mwekezaji: begi jeusi la ngozi, linaongea kwa zipu. Anayefungisha ni Sheria ya Ubia, kitabu kinene kilichovaa kanzu.

"Mume atamjenga mke, atamtunza, na atakula jasho lake kwa muda wa mkataba," Sheria inasoma. "Muda ukiisha, mke atarudishwa kwa baba yake."

"Arudishwe?" Niliruka. "Mtu amtumie mwanangu wee, halafu aniletee mifupa?"

"Atarudi mzima, Bi Havijawa. Na nati zake zote."

"Hapo sawa," nikasema, nikawapitishia kahawa. Begi likanywa kwa mfuko wa pembeni.

Mara kuta hazipo. Mkeka ni uleule, kahawa ileile, ila tumekaa ukingoni mwa mto. Ndani ya maji anatambaa mtoto mchanga, chepechepe, analia kwa ngurumo.

"Tumefika kwenye vihatarishi," Sheria inasema. "Huyu anaitwa Mafuriko. Atabebwa na mbia anayemmudu."

"Apewe baba," likasema begi. "Mafuriko ni mambo ya nchi."

"Apewe mume," kikasema kiti, kikigeukia upande wa pili. "Mwenye kujenga ndiye alee."

Mtoto analia, maji yanapanda mpaka kwenye birika. Begi linaanza kujifunga zipu. Nikaona posa inavunjika hivi hivi, na Siwema wangu yuko ukingoni tena. Damu ikanichemka.

"Ngojeni kwanza! Mbeleko yangu iko wapi?"

Huku kwetu kila aendaye kuposa anajua: mama wa mwali hupewa mbeleko, kwa ajili ya mgongo uliomlea. Hawa walikuja na makabrasha matupu!

Sheria ikajipekua haraka haraka, kurasa zinaruka. "Ipo," ikasema kwa aibu. "Iko kwenye jedwali la mwisho. Tumezoea kuliacha." Ikachomoa kanga ndefu, ndefu haswa.

"Na nani kasema abebwe na mgongo mmoja?" Nikamnyanyua Mafuriko, nikampachika katikati ya kiti na begi, nikawakaza wote pamoja kwa fundo letu wanawake, lile lisilofunguka kwa kuvuta. "Mnambeba wote. Akilia, mnaamka wote."

"Inaruhusiwa?" begi likauliza, limebanwa.

"Haijakatazwa," ikajibu Sheria, ikapiga muhuri kwa paji la uso.

Nikapiga vigelegele! Mafuriko akalala fofofo. Mwali akatoka na fremu ya dirisha shingoni, akafunua ushungi, akapiga hatua moja tu, huyo, yuko ng'ambo! Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka machozi.

Kabla ya kujilaza juu ya mto akaniinamia. "Mama, hiki kifunge pindoni," akasema, akinitia kitu kiganjani. "Siku wakinirudisha, kilinganishe. Wasije wakakuletea mwingine."

"Mama! Mama, amka!" Ni Siwema, amesimama mlangoni, kashika kiuno. Kumekucha. "Unapiga vigelegele usingizini, majirani watasemaje?"

Nikapapasa kanga niliyolalia. Pindo lilikuwa na fundo, lile lile letu. Nikalifungua kwa meno. Ikadondoka nati ya chuma, mpya, ina grisi, bado inachuruzika maji.

Siwema akaiokota kwa taabu, tumbo limemtangulia. "Ya nani hii?"

"Ya mdogo wako," nikamwambia. "Ifumbate vizuri, mwanangu. Safari hii tunavuka."