Gitaa la Chaza la Nong Teban

Rolito hakujua kupiga gitaa, hata wimbo mmoja. Si dhambi, duniani wako wengi. Tatizo yeye ni mtu wa Abuno, na Abuno ukirusha jiwe linaangukia karakana ya magitaa. Miaka yote alikuwa kwa mjomba wake, akibandika magamba ya chaza kuzunguka tundu la gitaa. Kuna wa shingo, kuna wa matumbo, kuna wa vanishi. Yeye chaza. Gitaa linatoka mkononi mwake linameta kama samaki, linakwenda kwa mwingine, basi, hana habari nalo tena.

Kwa kina Marivic, mchumba wake, ndiko alikobanwa. Kule wakikaa kunywa tembo la mnazi glasi ni moja, inazunguka, na gitaa linaifuata nyuma. Likimfikia Rolito anaonyesha vidole: "Gundi imeniunguza." Wanamhurumia, linapita. Wakaamini kwamba huyu siku akipona atapiga mpaka mabati yang'oke.

Basi baba yake Marivic, Nong Teban, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekwisha kustaafu, akamvuta pembeni.

"Dong," alisema, maana ndivyo wazee wa kule wanavyowaita vijana, kama vijana wanavyowaita wao Nong, na kina mama Nang, "nipeleke ukanichagulie gitaa. La bei ndogo, la mtu anayeanza. Na usinicheke."

"Nikucheke vipi, Nong?"

"Siku mtakayokuja kuposa, nataka nimwimbie binti yangu wimbo mmoja. Mmoja tu, halafu mumchukue."

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mdomo wa Rolito ukafunguka, ukasema, "Twende Jumamosi."

Hakumpeleka kwa mjomba, kule wangemuumbua kwamba hajui kupiga. Alimpeleka ng'ambo ya barabara kuu, kwa Nang Sidra, mama mnene anayeuza huku anapiga msasa. Pale ya bei ndogo yalikuwa mawili. Moja la mti wa mfenesi, tupu, halina hata ua. La pili limezungushiwa chaza tundu lote mpaka shingoni.

"Kwa anayeanza, hili tupu," Nang Sidra alisema. "Nyuzi zake ziko chini, karibu na shingo, haziumizi."

"Hilo?" Rolito akacheka. "Hilo mlango wa choo, Nang."

"Haya, mtu wa Abuno, yapige yote mawili tusikie."

Mafundi wakaweka msasa chini. Ndiyo desturi, mnunuzi akishika gitaa karakana nzima inanyamaza. Rolito aliona masikio tu. Akalishika lile la chaza, akaligonga tumbo kama mtu anayechagua nazi, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi mara moja, bila kubana popote. Likalia vizuri. Gitaa lolote likipigwa hivyo linalia vizuri.

"Hubani?" Nang Sidra akauliza.

"Imetosha. Hili hapa."

Nang Sidra akamtazama Nong Teban. Nong Teban akamtazama Rolito, akatoa pesa. "Mtaalamu kasema, mama. Funga."

Ikawa kila Rolito akienda kule anaukuta mkono wa kushoto wa mzee umezidi kuharibika. Ncha za vidole zilipasuka, zikatunga usaha, mzee akazifunga kitambaa. Mtu aliyeshika moto wa kuchomelea maisha yake yote, akawa hawezi kushika kikombe.

"Vidole vyangu vya kijinga," alisema. "Nabana mpaka machozi, na bado linalia kama paka."

"Mwanzo ndivyo ulivyo, Nong. Komaa tu."

Alisema hivyo. Usiku hakulala, ila asubuhi hakusema lingine.

Siku ya posa ikafika. Ukoo wa Rolito ukaja na nguruwe wa kuchoma, wali uliofungwa kwa majani ya mnazi na kelele zao. Maneno ya posa yakaisha vizuri. Nong Teban akaingia ndani, akatoka na gitaa, akakaa mbele ya Marivic.

"Mwanangu, usicheke."

Akaanza. Kila alipobana, sauti ikapinda. Akarudia mwanzo. Akarudia tena. Shangazi mmoja akaficha mdomo kwa kiganja, watoto hawakuficha kitu. Kitambaa kikaanza kulowa damu.

"Ni vidole," Nong Teban alisema. "Mnisamehe, ni vidole."

Mjomba wake Rolito alishindwa kuvumilia. Akalichukua gitaa, akafumba jicho moja akaangalia shingo. Akapitisha kidole chini ya nyuzi, kikapita chote, zilivyokaa juu mno.

"Bwana we! Hata shetani hawezi kulipiga hili. Hili la kutundika ukutani. Nani kakuchagulia hizi kuni?"

Rolito akaangalia sahani yake.

"Nilichagua mwenyewe," Nong Teban alisema. "Niliona linang'aa."

Ukoo mzima ukacheka, mjomba akimpigapiga mzee begani. Nong Teban naye akajichekesha, mkono ameuficha pajani.

"Ni mimi," Rolito alisema.

Haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena. "Ni mimi niliyechagua. Sijui kupiga. Sijawahi kujua. Nang Sidra alitushauri lile jingine, nikamcheka."

Kicheko kikakatika. Mjomba akatema mate chini. "Mtoto wa nyumba yangu!"

"Mwache," Nong Teban alisema. Halafu akamgeukia Rolito, taratibu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Kwamba hujui kupiga, Dong, nilijua palepale dukani. Mtu mzima mimi. Ila nilidhani kuchagua unajua."

Mjomba akatuma mtu alete gitaa zuri kutoka kwenye gari walilokuja nalo. Nong Teban akakataa kwa kichwa. Leo vidole vimekwisha, alisema, haviwezi tena.

Marivic aliinuka, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaanza kufungua kile kitambaa, polepole, maana kilikuwa kimegandana na ngozi. Rolito akasogea amsaidie. Marivic akamgeuzia mgongo, akaendelea kufungua peke yake.