Dakika Kumi na Mbili za Msasa

Baba yetu ni seremala asiyejua haraka. Meza moja huipiga msasa wiki nzima. Ndiye aliyempa dada yangu jina la Msasa, kwa sauti yake ya kukwaruza tangu utotoni. Lakini katika miaka kumi na tisa ya dada kuimba panki, muziki wa kasi na makelele, baba hakuwahi kumsikia jukwaani. Nyimbo za bendi yetu ni za nusu dakika. Onyesho zima, dakika kumi na mbili. Yeye alidhani bendi zote hupiga hadi watu wachoke, basi kila onyesho alikunywa chai kwanza, akapiga shati pasi, akatukuta tunakunja nyaya.

"Mmeshamaliza?"

Dada alicheka kila mara. Mimi, mpiga ngoma wake, nilipandwa na hasira kwa niaba yake.

Mwaka huu daktari alimwambia dada koo lake lina vinundu. Upasuaji ungekuwa Jumatatu, na sauti huenda isirudi. Jumamosi alasiri tulikuwa na onyesho moja.

"Nataka baba anisikie," aliniambia. "Hilo tu."

Nikamdanganya baba: badala ya saa kumi, nikamtajia saa tisa.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani la vipuri. Jua lilipenya matundu ya bati, vumbi likaelea juu ya vichwa vya watu, na dada alipopiga ukelele wa kwanza niliona kama sote tumeinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza, masikio yakavuma kama tuko chini ya maji. Kila nilipotazama mlangoni, baba hayupo.

Watu walikwisha kutoka alipoingia, shati limenyooka, viatu vinang'aa.

"Mmeshamaliza?"

Nusura nimrushie kijiti. Dada alinizuia. Akamkalisha baba juu ya spika, wala hakuwasha maikrofoni. Nikahesabu hadi nne. Aliimba sekunde kumi na tisa, na mwishoni sauti ikakatika, ukabaki upepo mtupu.

Vumbi lilimshukia baba mabegani.

"Siku uliyozaliwa ulilia hivyohivyo," akasema. "Nilichelewa hata siku ile. Nilikusikia nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Nisamehe, mwanangu."

 Dada akamshika mkono.

Jumatatu tulifika hospitali alfajiri, lango bado limefungwa. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, hajanyoa, shati halijapigwa pasi.